Saladi Mahali pa Migomba

Baba yangu alinipa kile kipande cha shamba shingo upande, na alinipa tu kwa sababu kilikuwa hakina kazi. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye kibanja chetu cha migomba huko Nyanga, ukaanzia nyuma ya jiko na kushuka mpaka kwenye mfereji. Bwana shamba alikuja, akapasua ndizi mbili tatu, akatuonyesha zilivyooza kwa ndani. Akasema migomba yote ya upande ule ing'olewe na pasipandwe mgomba mwingine kwa miezi kadhaa. Baba aling'oa mwenyewe, mgomba mmoja baada ya mwingine, hakutaka msaada wa mtu. Ilikuwa migomba ya baba yake.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Mwanza. Ndoa ilikuwa imekwisha, kazi nayo imekwisha, na umri wangu ulikuwa umevuka arobaini. Huko nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli, na kama kuna kitu nilichokijua vizuri kuliko sala zangu, ni saladi. Nilikuwa nimeiosha, nimeichambua na kuipanga kwenye sahani kwa miaka mingi. Nilijua ipi mpishi anaipokea akitabasamu na ipi anaitupa kwenye ndoo ya takataka.

"Taata," nikamwambia baba, "kile kipande nikipande saladi?"

"Saladi ndiyo nini?"

"Majani. Watu wanayala mabichi."

"Watu gani hao?"

Nilipomwambia ni wageni wa hotelini, alicheka mpaka akakohoa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ang'oe migomba, kwa hiyo sikukasirika. "Haya, lima majani yako," akasema. "Lakini vuli ikianza, migomba inarudi mahali pake."

Ieleweke hali yangu ilivyokuwa. Kaka zangu wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mwanza, walishagawiwa sehemu zao za kibanja. Kwenye kona za kila sehemu kuna omuramura, mmea wetu wa mpaka. Mzee akishaupanda mahali, hakuna wa kubisha, si leo si kesho. Mimi binti nilikuwa na chumba changu cha usichana na kipande cha kuazima mpaka vuli. Sikulalamika. Hapo nadanganya, nililalamika sana, ila kimoyomoyo. Nilikitaka kile kipande. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu atakayeniambia muda wangu umekwisha.

Nikaotesha mbegu kwenye kitalu nilichokiezekea kwa nyasi. Miche ilipofikisha majani manne nikaihamishia kwenye matuta, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya mfereji. Saladi haina makuu ukiielewa. Inataka udongo laini, mizizi yake haiendi mbali, na inachukia kiu. Wiki chache baadaye nyuma ya jiko palikuwa na rangi mbili, kijani na zambarau, zimejipanga mistari. Nilikuwa nasimama pale na kikombe changu cha chai nikijiangalizia tu. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya aina ile nilipokuwa mke wa mtu.

Mpishi wa hoteli moja ya Miembeni, mjini, mama mnene asiye na mchezo, alivunja jani moja sikioni kwake kusikia linavyolia, akasema, "Lete Jumatatu na Ijumaa. Ukiniletea iliyolegea, usirudi." Alhamisi nikawa napanda basi kupeleka nyingine Muleba, kwenye nyumba ya wageni inayopokea watu wa semina.

Baba alikataa katakata kuionja. "Mimi si mbuzi," alisema. Siku moja akanipa amri niipike na maharage kama mboga za watu wenye akili. Nikaipika. Alipofunua sufuria akakoroga, akatafuta, akanitazama. "Sasa iko wapi?" Ilikuwa imeyeyuka yote. Alikula ekitoke chake cha ndizi na maharage akiguna, na tangu siku ile aliiita "mboga mwizi."

Basi, Alhamisi moja nikarudi kutoka Muleba mchana, nikazunguka nyuma ya jiko, nikakuta saladi changa hazipo. Matuta yake yote yalikuwa yamefunikwa kwa majani makavu ya migomba, tabaka nene la kufika kwenye vifundo vya miguu, safi, limepangwa kwa ustadi kabisa. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, jasho likimtoka, amechoka na amefurahi.

"Nimekufunikia," akasema. "Ulikuwa umeacha ardhi uchi. Wapita njia watatusemaje?"

Ndivyo tulivyo. Mhaya akiona udongo mtupu hatulii mpaka aufunike, na migomba hunawiri hivyohivyo. Lakini ile ilikuwa miche ya wiki mbili. Nilipiga magoti nikafukua kwa mikono. Mingi ilikuwa imelala, imevunjika shingo. Iliyobaki nilijua itapata wageni wengine, maana chini ya majani yenye unyevunyevu konokono hukaa kama wako kwao.

Nilimpigia kelele baba yangu. Nilimwambia hajui, hakuulizwa, na kwamba hata hicho kipande cha kuazima ameona kinanizidi. Maneno yalitoka yakiwa yamepangana, kumbe yalikuwa yanasubiri zamu yao siku nyingi. Alinyanyuka polepole, akachukua kigoda chake, akaingia ndani. Niliona aibu kabla mlango haujafungwa, lakini mdomo wangu ni mgumu kuomba radhi, na huo nimeurithi kwake.

Niliyaondoa majani yale, nikapoteza nusu ya miche. Konokono walikuja kama nilivyotabiri. Niliona majani yametobolewa, nikajua baada ya Ijumaa mbili yule mama wa Miembeni atanifukuza.

Asubuhi ya tatu nilitoka na ndoo yangu ya maji, nikamkuta baba ameinama kati ya matuta. Alikuwa na kopo tupu la rangi. Alikuwa anaokota konokono. Mmoja mmoja, anainua jani kwa kidole, anachungulia chini, anatia kwenye kopo. Hakunitazama. Nami nikaanza kumwagilia kutoka upande wa pili. Tulipokutana katikati akanionyesha kopo. "Wengi," akasema.

"Wengi, Taata. Kasinge," nikamshukuru.

Tangu hapo alikuja kila siku, jua likiwa bado halijatoka vizuri. Magoti yake hayakuwa yakimruhusu kuinama, akawa anakuja na kigoda, anakisogeza tuta kwa tuta. Miembeni sikufukuzwa. Jumapili moja baada ya misa nikiwa jikoni nilimsikia akiwatembeza wazee wenzake wawili. "Hizi za zambarau ni za hoteli kubwa," aliwaambia. "Hizi msiguse, bado changa." Nilicheka peke yangu mpaka nikaweka chumvi mara mbili kwenye samaki.

Lakini vuli ilikuwa inakaribia, na neno la baba halirudi nyuma. Nilimsikia akimwuliza jirani habari za machipukizi safi ya migomba. Nikavuna matuta ya chini na sikupanda tena. Kuanza kitalu kipya kungekuwa kama kumwomba aniachie kipande, na sikutaka kumwomba mtu mzima jambo alilokwisha kuamua. Nilijiambia nimepata msimu mzuri, inatosha. Haikutosha.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Kesho yake asubuhi baba alipita nyuma ya jiko na jembe na mzigo uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Nikajua machipukizi yamefika. Nikanawa mikono, nikaenda kumsaidia, maana ningefanya nini?

Alikuwa ameshachimba shimo moja dogo, pembeni kabisa, kwenye kona. Dogo mno kwa mgomba. Akafungua mzigo. Vilikuwa vijiti vinne vya omuramura.

"Shika hapa, wima," akasema.

Nikashika. Akarudishia udongo, akaukanyaga. Tukaenda kona ya pili, kisha ya tatu. Nilikuwa nalia na sikujificha, naye alijifanya kwamba haoni. Kona ya nne, ile ya mfereji, alipomaliza kushindilia nikaokota fungu la majani makavu ya migomba ili nifunike shina, kama tulivyofundishwa tangu utotoni.

Baba akanishika mkono. "Acha hayo," akasema. "Utaniletea konokono."