Njuki, mtunza uwanja wa Kanja anayesoma nyayo za namba kumi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Ukungu bado umeulalia uwanja, na Njuki anatembea polepole katikati ya nguzo mbili, kichwa kakiinamisha, mtu angedhani kadondosha sarafu. Amevaa suruali ya suti ya kanisani, ila miguuni ana gambuti. Koti lake linamngoja kwenye msumari wa stoo.

Mkononi ana debe la udongo mwekundu na vipandikizi vya nyasi. Jana wachezaji thelathini wa raga waliuchanachana uwanja huu kwa njumu zao. Leo, kabla jua halijakausha alama, Njuki anaziba shimo moja baada ya jingine. Kabla ya kuziba kila moja, analisoma.

"Hapa namba nane amesukuma vizuri, ona vile amechimba," anasema. "Na huyu wa pembeni alidanganya ati ameumia. Mtu ameumia hatoki akikanyaga hivi." Anacheka peke yake, kama mtu aliyefumania uongo mdogo wa mjukuu.

Karibu na mstari wa mita ishirini na mbili, upande wa mto, anachuchumaa. Kicheko kinakoma. Kwenye nyasi kuna alama ya nusu wayo. Meno ya mbele ya njumu yameburuta udongo kwa urefu wa kiganja, lakini kisigino hakipo kabisa.

Njuki anaitazama kwa muda mrefu. Debe analiweka chini.

"Hii alama nimewahi kuiona," anasema. "Mara moja tu. Na niliisoma vibaya."

Njuki ana umri wa miaka 59. Kwa miaka 32 amekuwa mtunza uwanja wa chuo kimoja cha ualimu kilichoko nje kidogo ya Kanja, kaunti ya Embu, na Desemba hii anastaafu. Hajawahi kucheza raga hata dakika moja. Kazi yake ni nyasi, chokaa, nguzo na jezi. Mashine ya kukata nyasi iliharibika mwaka 2011, na tangu hapo anatumia fyekeo. Uwanja mzima humchukua siku nne, na akimaliza upande wa pili, upande wa kwanza umeshaota tena.

Ukitaka kumwona akichangamka, mwulize habari za zamani. Nguzo zilikuwa mikaratusi miwili iliyokatwa kule mtoni, moja ndefu kuliko nyingine, na hakuna aliyelalamika. Mistari ilichorwa kwa majivu ya jikoni, hivyo mvua ikinyesha mechi ilimalizwa kwa kukisia. Mpira ulikuwa mmoja, una kiraka, na ukiangukia mtoni mechi ilisimama hadi Njuki aufuate.

"Watu walikuwa wanatoka soko wanapitia hapa na vikapu zao," anakumbuka. "Akina mama hawakujua sheria hata moja, lakini walipiga kelele kuliko wanafunzi. Siku hizi kila mtu anaangalia simu. Uwanja umebaki na mimi na kocha."

Zamani hizo ndipo desturi yake ilipoanzia. Kocha wa kwanza alimkuta Jumapili moja akiziba mashimo, akamsikia akieleza mechi ambayo hakuwa ameitazama, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amekwenda mazishini. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya mechi ya nyumbani, kocha huja stoo na kuuliza swali moja: uwanja umesemaje? Makocha sita wamepita na swali limebaki. Sheria pia imebaki, kwamba anachosoma Njuki humwambia kocha peke yake. Mchezaji haambiwi.

Asubuhi hii anayekuja kuuliza ni Mwalimu Kaimenyi, kocha wa sasa. Ametembea haraka na uso wake haujalala vizuri.

"Mzee Njuki, habari ya asubuhi. Uwanja umesemaje juu ya huyu wa mwaka wa kwanza?"

Wa mwaka wa kwanza ni Mugendi, kijana wa miaka 19 aliyeingia chuoni muhula huu na kupewa jezi namba kumi mara moja. Katika raga, namba kumi ndiye mwenye timu mkononi. Mpira ukitoka kwenye vurugu unamfikia yeye, na kwa kufumba na kufumbua anaamua kukimbia, kutoa pasi au kuupiga mbali.

Kaimenyi ana daftari. Mechi tatu, zote hapa nyumbani; baada ya mbili za kwanza mvua ya usiku ilifuta alama kabla Njuki hajazisoma. Wameshinda moja, wameshindwa mbili. Pasi za Mugendi ni safi, na nafasi anaziona mapema kuliko hata wa mwaka wa tatu. Lakini amepiga mipira ishirini na sita, na kumi na saba imekwenda isikotumwa.

"Wenzake wanasema ni woga," anasema Kaimenyi. "Ati akiona watu wanamjia anapiga huku anatoroka. Yule kijana Bundi wa mwaka wa tatu anangoja hiyo jezi kwa benchi. Karatasi ya timu nabandika kesho saa kumi. Lakini nikimtoa sasa, Mzee, unajua vile huwa. Wa mwaka wa kwanza akivuliwa jezi mbele ya watu, harudi."

Njuki anajua. Anajua kuliko Kaimenyi anavyodhani.

"Nipe mpaka kesho," anajibu.

Mwaka 1994 namba kumi wa chuo alikuwa kijana mrefu, mkimya, aliyeitwa Kithaka. Naye alikuwa mwaka wa kwanza, naye alikuwa amecheza mechi tatu. Jumapili baada ya mechi ya tatu, Njuki, wakati huo akiwa kijana wa miaka 28 aliyeanza kujiona mtaalamu, alikuta alama za vidole bila kisigino kila mahali Kithaka alipopigia mpira. Kocha alipouliza, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilimwambia, 'Huyo anaogopa.' Maneno mawili," anasema Njuki. "Nilikuwa najisikia sana siku hizo. Kocha alikuwa anaandika kila kitu nasema."

Jumatatu yake jina la Kithaka halikuwa kwenye karatasi. Jioni alileta jezi stoo, kwa sababu mtunza jezi alikuwa Njuki.

"Alikuwa ameifua, ameipiga pasi, ameikunja. Akaniambia asante," anasema. "Mimi! Akaniambia mimi asante."

Kithaka alimaliza masomo yake bila kukanyaga uwanja huo tena. Kutoka bwenini hadi darasani njia ya mkato hupita katikati ya nguzo, lakini yeye alizunguka nyuma ya jikoni, mvua inyeshe isinyeshe. Njuki alimwona akizunguka karibu kila siku ya masomo, na hakuwahi kumwita.

Ndiyo maana Jumapili hii Njuki alifika kanisani wakati wa sadaka, na ibada ilipoisha hakungoja chai. Mkewe, Marcella, anasema amezoea.

"Baba Ednah ameoa huo uwanja kabla yangu," anasema, akimtaja kwa jina la binti yao mkubwa. "Mimi ni mke wa pili."

Alirudi chuoni akamwita Mugendi uwanjani, na hivyo akaivunja sheria yake kwa mara ya kwanza. Alimwonyesha ile alama, ambayo hakuwa ameiziba, kisha akamwuliza ni nani aliyemfundisha kupiga mpira.

"Ni mwalimu wetu wa shule ya msingi, mzee," Mugendi alijibu. "Kule Gachoka."

"Anaitwa nani?"

"Mwalimu Kithaka."

Njuki alikaa chini papo hapo, na suti yake. "Mama Ednah bado ananiuliza hiyo doa ya kijani ilitoka wapi," anasema.

Kijana, akidhani mzee ameugua, aliendelea kuongea ili kumtuliza. Alieleza kuwa uwanja wao kule nyanda za chini ni murramu mtupu na vijiwe, na walicheza miguu mitupu. Ukikanyaga kwa kisigino, kinapasuka. Hivyo Mwalimu Kithaka, ambaye mwenyewe alijifunzia kupiga mpira kwenye udongo huohuo, aliwafundisha kushuka kwa vidole na kuondoka upesi.

Hapo ndipo miaka thelathini na moja ilipomgeukia Njuki. Kithaka hakuwa ameogopa mtu yeyote. Alikuwa amekuja na mguu wa Gachoka kwenye udongo wa Kanja, unaoteleza kama mlenda ukiuparuza kwa vidole, lakini unaokushika vizuri ukiukanyaga kwa uzito wote. Mtu mwenye kuujua udongo kuliko wote chuoni ndiye aliyepaswa kuliona hilo. Badala yake aliangalia wayo, akasahau ardhi.

"Mimi ndiye mtu wa udongo hapa," anasema kwa uchungu. "Mimi ndiye nilikuwa nijue."

Alimwambia Mugendi avue viatu. Akamsimamisha kwenye majimaji, akamwambia asukume kisigino hadi udongo utokeze kati ya vidole.

"Hapa si kwenu," alimwambia. "Hii udongo haitakuumiza. Iachie uzito wote."

Mara ya kwanza Mugendi alianguka kifudifudi. Mara ya pili alianguka chali. Kufikia jioni alikuwa na rangi ya matofali, na mipira minne mfululizo ilikuwa imepita katikati ya nguzo. Jumatatu kabla ya saa kumi Njuki alimfuata Kaimenyi ofisini, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Si woga, Mwalimu. Ni udongo," alimwambia. "Mwache acheze."

Kaimenyi, ambaye mwaka 1994 alikuwa bado anafundishwa kusoma, hakuelewa ni kwa nini mzee ana machozi. Lakini jina alilibandika. Wiki nzima, jioni baada ya jioni, Njuki na Mugendi walikuwa kwenye majimaji upande wa mto, na Bundi, aliyekuwa na haki ya kununa, alikuwa nyuma ya nguzo akiwarudishia mipira.

Jumamosi iliyofuata chuo kilicheza na timu kutoka mjini Meru. Manyunyu hayakukatika. Mugendi alipiga mipira tisa, na saba ilianguka pale alipoituma. Dakika ya mwisho, wenyeji wakiwa nyuma kwa pointi moja, walipewa adhabu mbele kidogo ya nusu ya uwanja. Mugendi aliupiga, mpira ukapanda vizuri, ukagonga nguzo ya kulia na kurudi ndani. Chuo kilishindwa, 17 kwa 16.

Watazamaji walishika vichwa. Njuki, mlangoni pa stoo, alikuwa akitabasamu.

"Watu wote walikuwa wanaangalia mpira," anaeleza. "Mimi nilikuwa naangalia mguu."

Mechi ijayo jezi namba kumi itabaki kwa Mugendi. Kaimenyi amesema hivyo mbele ya timu nzima, na waliopiga makofi wa kwanza walikuwa watu wa benchi.

Na sasa ni Jumapili nyingine, saa moja kasorobo. Suruali ileile, gambuti zilezile, debe lilelile. Njuki anakwenda moja kwa moja hadi mahali pa ile adhabu ya mwisho. Kisigino kipo. Ni cha mviringo, kimezama, na maji ya mvua yamejaa ndani yake hadi ukingoni. Njuki anakigusa kwa kidole kimoja, kisha anatoa simu kwenye mfuko wa shati. Namba alipewa na Mugendi tangu Jumanne. Siku tano amekuwa akiifungua na kuifunga.

Masikio yake si mazuri, kwa hiyo anaweka sauti ya nje.

"Hallo, Mwalimu Kithaka? Ni Njuki. Njuki wa uwanja, hapa Kanja."

Upande wa pili jogoo anawika. "Yule wa jezi?"

"Yule wa jezi." Njuki anavuta pumzi. "Mwalimu, ile mwaka ya tisini na nne, ni mimi nilisema unaogopa. Kocha aliniuliza, nikasema hivyo. Haikuwa woga. Nilikosea. Nimekuja kujua wiki jana tu, kwa mguu wa huyu kijana wako."

Njuki anaiangalia simu kama imekatika.

"Mimi nilidhani ni kweli," Kithaka anasema hatimaye. "Miaka hii yote nimekuwa nikijiuliza niliogopa nini."

Njuki anajifuta uso kwa mkono wa shati safi la kanisani.

"Na Mugendi?" sauti inauliza. "Anaendeleaje?"

"Anaweka kisigino."

Kithaka anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kuwa anaweza. Na hapo Njuki anamweleza mpango wake. Mechi ya mwisho ya msimu ni mwisho wa Novemba, siku chache kabla hajakabidhi funguo za stoo. Anataka Kithaka aje Jumamosi amtazame kijana wake, alale kwao, kisha Jumapili asubuhi waje uwanjani pamoja.

"Unavaa njumu namba ngapi, Mwalimu?"

"Nane. Lakini mzee, mtu wa miaka hamsini na mbili apige mpira mbele ya watu?"

"Watu watakuwa wamelala," Njuki anamwambia. "Tutakuwa mimi na wewe na umande. Upige mmoja tu, halafu usimame kando. Nataka kusoma tena."