Shukrani ya Ukurasa wa Kumi na Moja

Kwa miaka saba nilikuwa na swali moja tu la utafiti. Sisi watu wa topolojia tunachunguza maumbo bila kujali ukubwa wala pembe zake. Tunachouliza ni kipi kimeungana na kipi kimekatika. Matokeo yetu mengi yanategemea aksiomu ya uchaguzi, dai la nadharia ya seti ambalo tunalikubali bila kulithibitisha. Mimi nilijiapiza kupata tokeo moja bila kuigusa aksiomu hiyo. Kazi yote ilikuwa hapo. Ukiondoa hilo, kinachobaki kilijulikana kabla sijazaliwa.

Mama, ambaye naishi naye Nyegezi tangu alipohama Bukoba, aliniuliza aksiomu hiyo ni mdudu gani. Nikamwambia afikirie mafungu ya dagaa mwaloni, pale wavuvi wanapouzia, atoe dagaa mmoja katika kila fungu. Mafungu yakiwa kumi, unatia mkono tu na kumaliza. Yasipokuwa na mwisho, lazima uwe na utaratibu wa kukuambia umchukue yupi, na dagaa wanafanana. Aksiomu inasema: wewe sema umeshachagua, yaishe.

"Sasa huo si uvivu?" akasema. Nilimpenda sana kwa jibu lile.

Jarida lilipoikubali makala yangu nilimwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na hapo ndipo nilipojiponza. Mama ni Mlutheri wa Kagera. Kwao jambo likifika hapo linatolewa shukrani kanisani: familia inapita mbele na sadaka, mchungaji anatangaza. Akapanga Jumapili, akampigia shangazi simu, akawatangazia majirani kwamba mwanawe amepata hesabu iliyowashinda wazungu. Nilimsahihisha mara mbili, nikachoka.

Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa napitia nakala ya mwisho kabla haijachapwa, nikitafuta nukta na mikato. Ukurasa wa kumi na moja nilikuwa nimeandika: "Kwa kila seti, chukua kipengele kimoja." Basi. Na seti zenyewe hazina mwisho, wala sikuwa na utaratibu wowote wa kuchukulia. Nilishaisoma sentensi ile mara nyingi mno, wahakiki nao waliisoma, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mwanahisabati anaiandika kama mtu anavyovua viatu mlangoni, bila kufikiri. Miaka saba nakwepa kitu kimoja, kumbe nimelala nacho nyumba moja.

Ijumaa nzima nilijaribu kuziba pengo. Kila njia ilinirudisha kwenye sentensi ileile. Na pale idarani kwetu chuoni hakuna mwingine wa fani hii. Ningenyamaza, huenda nisingeulizwa hadi nistaafu, tena makala ilikuwa imeshafika kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Nililipima wazo hilo kwa utulivu mkubwa, na nilijichukia kwa utulivu huo.

Jumamosi nikaenda stendi ya Usagara kumpokea shangazi. Akateremka kwenye basi la Bukoba na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, profesa wetu!"

Sikuwa profesa. Ndani ya gari nilifungua mdomo mara tatu nimwambie, lakini alikuwa anaimba nyimbo za kesho yake.

Jumapili tukapita mbele, sote tumevaa kitenge cha sare ambacho mama alikishonesha bila kuniuliza. Mchungaji akasema Mungu amefungua mlango. Mama alikuwa analia, ameniganda kiwiko. Nikautazama mlango halisi, kule nyuma. Kati yangu na mlango ule kulikuwa na kanisa zima linanitabasamia. Sijawahi kubanwa vile maishani. Baada ya ibada mkungu wa shangazi, aliokuwa ameutoa sadaka, ukanadiwa nje, na aliyeununua ni mkuu wa idara yangu.

Jumatatu nikamwandikia mhariri mistari sita, makala ikaondolewa. Mkuu wa idara akaguna, akasema hayo hutokea. Mama sikumwambia. Kila mara aliuliza kama makala imetoka, nami nikajibu "bado", na nikajificha nyuma ya neno hilo wiki tatu.

Nilipomwambia, alikuwa anamenya ndizi barazani. Nilieleza yote, hadi sentensi yenyewe. Hakuinua uso.

"Kwa hiyo hesabu haipo."

"Haipo, mama."

"Utapata nyingine." Akaitupia ndizi kwenye sufuria, akachukua ya pili, akaishika bila kuimenya. "Siku ile tumesimama pale mbele, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaweka kisu chini.

"La hesabu sina neno, mwanangu. Lakini ulijua, ukaniacha nimdanganye Mungu."