Chungu Kisicho na Kitako

Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima huko milimani Upare, na mwanafunzi wangu msumbufu kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu, mfinyanzi. Siku moja niliwasomea gazeti: kuna watu wako angani ndani ya chombo, wanaelea, na maji yao hayatulii kikombeni, yanazurura hewani. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. "Sasa wanakunywaje, mwalimu?" Nikamwambia turudi kwenye silabi.

Hakurudi. Mwezi mzima hakufinyanga chungu cha kuuza, baba mkwe akanuna, nami nikanuna kwa sababu zamu yake kwenye shamba la kijiji nililima mimi. Alitaka jambo moja tu: chombo cha kunywea cha wale watu kionekane kwenye maonyesho ya wakulima kule Same. Viwili vya kwanza vilipasuka motoni. Cha tatu kikatoka kizima.

Nilipokishika nilisahau kununa, sikufichi. Kilikuwa mviringo kama boga, hakina mdomo wala kitako. "Huko hakuna chini," alisema, "kitako cha nini?" Pande zote kilikuwa na vishikio vya kufungia kamba, kisichukuliwe na hewa. Tundu moja la mwanzi wa kunyonyea; jingine dogo la pumzi, la kuziba kwa kidole. Mwanamke ambaye hadi siku hiyo hakuwa amevuka Hedaru, kimji cha chini ya milima yetu, alikaa jikoni kwake akawaza mahali pasipo na juu wala chini, akapafinyangia chombo. Mpaka leo nashangaa.

Kule Same mkaguzi wa maonyesho alikigeuza, akakigeuza tena. "Mama, kitako umekisahau." Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe akakifunga kwenye kanga yake, akapanda lori la kurudi nyumbani. Nilitamani kumzaba yule bwana kibao. Lakini mimi, mwalimu mzima, niliyejua kila tundu lina kazi gani, nilisimama pale kimya. Hilo linaniuma.

Miaka ikapita, akaugua mgongo, akawa mtu wa kulala chali. Kikombe kilimmwagikia shingoni, maji ya kijiko yalimpalia. Ndipo nikakikumbuka chungu, nikakitoa darini, nikakiosha. Alinyonya taratibu, nami nikiachia tundu la pumzi na kuliziba. Halikudondoka hata tone.

Alipotosheka akaniangalia. "Kitako nilichokisahau umekiona, mwalimu?"

Nikalia pale pale, nimekikumbatia chungu.