Kadi ya Kerio Katika Sanduku Lisilo Lake

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, mwaka 2012, Fundi Ekal alinionyesha kompyuta tatu kabla ya kunionyesha ufagio. Nilikuwa tayari na wajukuu watatu, na shule yangu iliishia darasa la pili. Mradi wetu wa maji ulikuwa mdogo. Siku hizi umefungwa.

"Shosho, hizi zina majina," alisema. "Kawalase, Kerio, na ile Tarach."

Zilikuwa kuukuu hata wakati huo. Ziliendeshwa na Unix ya zamani, mfumo ambao kila kompyuta hupewa jina ili nyingine ziijue. Ekal akachagua majina ya mito yetu.

Nilifagia na kupika chai, na kwa kuwa sisahau kitu nikapewa funguo za stoo. Humo nilijifunza kadi ya picha, kibao kinachochora mambo kwenye kioo. Kila kadi ina dereva wake, yaani programu inayoielekeza kompyuta namna ya kuitumia. Dereva wa kadi hii hafai kwa ile, kama ngamia asiyekubali kukamuliwa na mgeni.

Siku moja Ekal alichukua kadi mpya ya akiba akaitia Kerio, aliyokuwa akiitumia yeye. Kadi ya zamani ya Kerio akaificha katika sanduku la ile mpya.

"Ni siku mbili tu, shosho. Bosi asijue."

Nikamwahidi. Hata mwezi haukuisha, Ekal akaacha kazi.

Mwaka 2013 nilihamishiwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, pamoja na Tarach na lile sanduku. Mkubwa wetu alikuwa Mhandisi Barasa, mtu wa maneno makali na chai isiyo na sukari. Ramani ya mabomba yote yaliyofukiwa kambini ilikuwa ndani ya Tarach peke yake. Vumbi likaua kadi yake. Fundi Akiru, binti kutoka mji wa Lokichoggio, akatia ile ya sandukuni. Maandishi yakatokea, ramani ikakataa.

Wiki hiyohiyo bomba kubwa likapasuka. Maji yakanywewa na mchanga, mifereji ya kuchotea ikakauka, wanawake wakapanga mitungi tangu alfajiri. Kulikuwa na vali ya kufunga, lakini ilikuwa chini ya ardhi na hakuna aliyejua ni wapi.

Akiru alitafuta dereva mtandaoni kwa jina lililoandikwa kwenye sanduku. Watengenezaji walikuwa wameshaondoa madereva wa Unix ya zamani. Akaomba kwa watu asiowajua, akapata dereva mmoja. Kioo kikawa cheusi. Akapata wa pili, vilevile. Nami nilikuwa nawapelekea chai, nimenyamaza.

Siku ya pili nilipita kando ya foleni ile ya mitungi. Nikaingia ofisini nikasema, "Hiyo kadi si ya sanduku hilo."

Barasa akanitazama. "Mama, tangu lini unasoma kadi?"

"Sisomi. Nilikuwapo ikitolewa. Ni ya Kerio."

"Na mbona umekaa kimya siku mbili?"

"Niliahidi. Na nyinyi mlikuwa mkiliuliza sanduku."

Akiru alicheka kidogo, akaacha. Nikawaambia Kerio iko stoo Lodwar, nyuma ya mabomba, na Ekal hakuwa mtu wa kufuta kitu. Wakapiga simu. Dereva wa zamani alikuwa bado humo. Wakamtuma kwa mtandao, faili dogo tu. Adhuhuri hiyo ramani ikafunguka.

Vali ilikuwa chini ya kibanda cha Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo aliyeuza chai.

"Munatafuta nini apa chini ya meza yangu?" akauliza.

"Maji," Barasa akajibu.

"Kila siku munakunywa apa, na amukujua?"

Jioni mifereji ilitoa maji.

Kesho yake Barasa alinipa barua ya onyo kwa zile siku mbili nilizokaa kimya. Akiru alinisomea, nikaweka dole gumba. Nilifanya kazi hadi kustaafu bila kupata nyingine.

Sasa nakaa Nawoitorong. Vijana wakisikia habari ile husema nilionewa, maana bila mimi wangechimba Kakuma nzima. Mimi sioni hivyo. Ahadi kwa Ekal ilikuwa yangu. Maji hayakuwa yangu.