Uso wa Kazini

Pale ofisini wanamwita Mama Mapacha, na mapacha hana hata wa dawa. Kazi yake ni kuwachunguza. Wakubwa wa utafiti wanataka kujua kwa nini huyu mpole na yule mkali, kipi kimetoka kwenye damu na kipi kwenye malezi. Basi mapacha wanaitwa, kila mmoja chumba chake, naye anakaa mbele ya mmoja akimtazama. Mtoto akishindwa mchezo, ananuna? Anasukuma meza? Hapana, kidogo, sana: anatia alama, yamekwisha. Haruhusiwi kubembeleza wala kukemea. Uso mkavu tu. Na kazi anaijua, jamani, msimwonee.

Taabu ni kwamba kazi ilimfuata nyumbani.

Nyumbani yuko na binti wa kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa. Kaka huyo alikuwa mtu wa kukuchekesha mpaka ushike mbavu, lakini akipandwa na hasira, lo! Alivunja sahani, viti, alimpiga hata mkewe. Mwisho alimjeruhi mtu, akafia gerezani. Sasa binti ana miaka kumi na minne, pua ya baba, kicheko cha baba, na shangazi mtu roho juu. Mlango ukibamizwa, anatazama. Kijiko kikitupwa, anatazama. Kidogo. Kidogo. Sana. Hakuandika popote, alama zote zilikaa kichwani, maskini, akidhani mtoto haoni.

Jumamosi moja binti alirudi kutoka kwa rafiki yake. Hakusalimu. Alichukua kikombe kabatini akakibamiza ukutani, kikawa vipande vipande. Shangazi alikuwa anakunja nguo. Akakaza ule uso wa kazini.

"Umenipa ngapi?" binti akauliza.

"Ngapi nini?"

"Shangazi, usinizuge. Kila siku unanitazama hivyo. Unamtafuta baba."

Shati likamponyoka mikononi. Angekana, lakini angemkania nani?

"Naogopa," akasema. "Nakuogopea, mama."

"Na wewe si dada yake? Tumbo moja, nyumba moja. Mbona wewe hakuna anayekutazama?"

Utafiti ule unazungumzia maelfu ya watu. Kwa mtoto mmoja aliyesimama jikoni midomo ikimtetemeka, haukuwa na la kusema. Wakubwa wenyewe huwaambia hivyo kila mara, naye shangazi huitikia kwa kichwa, halafu anarudi nyumbani kufanya kinyume. Mkaidi yule!

Ndipo alipoona kwamba macho ya mtoto yalikuwa yamevimba. Yalikuwa hivyo tangu anaingia mlangoni. Alikuwa amelia njia nzima, na yeye shangazi alikuwa anahesabu hasira.

Akaviruka vile vipande, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Nani kakuumiza, mwanangu?"

Binti alijikaza, akashindwa, akamwangukia kifuani. "Mama wa rafiki yangu kasema nisikanyage tena kwao," akasema kwa kwikwi. "Kasema mtoto wa mtu yule hafai kukaa na wenzake." Akalia, akalia, kisha akasema taratibu: "Leo umeniuliza. Siku zote unatazama tu, huulizi."

Shangazi naye machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Nimekukosea, mama," akasema. "Kaa hapa. Niambie yote, kuanzia mlangoni kwao."