Tamaa Iliyokatwa

Kaka yangu mdogo alikunywa pombe kwa miaka kumi na minne, na miaka hiyo yote mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Eldoret, nimezoea kukaripia. Yeye mwenyewe aliniita hivyo hivyo, Mwalimu, akiliburuta neno hadi wenzake wacheke. Alikuwa dereva wa lori la mahindi. Akishalipwa alipotea, akirudi alirudi akiimba, na kesho yake anatetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki. Mara moja alijaribu kuacha. Alikaa wiki tatu, ya nne tukamwokota mtaroni. Sikio la kufa halisikii dawa, nilimwambia Mama, na Mama akaninunia siku mbili.

Siku aliyoanguka hakuwa amelewa. Hilo linaniudhi mpaka leo. Ilikuwa saa nne asubuhi, kule Turbo, amepanda juu ya magunia kufunga turubai. Kamba ikakatika, akaja chini kwa kichwa. Alilala hospitalini siku kumi na moja bila fahamu, na Mama aliketi kando ya kitanda akimwambia Mungu kwamba yeye anamtaka mwanawe, hata akirudi mlevi. Nilikasirika. Nikamwambia kama ni kuomba, aombe yote kwa mpigo.

Basi yakaja yote kwa mpigo. Aliamka, akajifunza kutembea tena, akaja kukaa kwa Mama pale Kimumu, na hakuulizia pombe. Tulingoja aulize. Wenzake walipokuja kumwona, mmoja alimfichia chupa chini ya mto, na mimi niliikuta wiki iliyofuata kifuniko hakijaguswa. Sigara nazo vilevile. Pakiti aliyokuwa nayo siku ya ajali ilikaa katika mfuko wa koti hadi Mama alipolifua. Huyu ni mtu aliyewahi kuuza viatu vyangu vya kanisani.

Kanisani walisema ni muujiza, na mimi nilisema pamoja nao. Mchungaji alipotaka ushuhuda, nilimpigia kaka yangu shati pasi mimi mwenyewe, nikamfundisha maneno: Bwana asifiwe, nilikuwa mlevi, nimeacha. Alisimama mbele, akasalimu vizuri, tukaitikia. Halafu akatutazama, akasema, "Mimi sikuacha pombe. Iliniacha tu."

Watu walicheka kwa furaha, kina mama wakapiga vigelegele. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, nikidhani ni ule utani wake wa zamani. Mke wake, ambaye ulevi wa mumewe ulikuwa umemrudisha kwao kijijini Ziwa, alipata habari akarudi na mabegi yake.

Mwezi uliofuata nilimpeleka kliniki. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Nilimsimulia habari za pombe kabla hajauliza, kwa majivuno kana kwamba dawa ilitoka mkononi mwangu. Hakushangaa. Alisema wapo watu wachache ambao jeraha la ubongo huwaondolea ulevi, likigusa pale panapobeba ile hamu. Wengine, alisema, huwa kinyume: hawakuwa wanywaji, na baada ya ajali wanaanza. Kisha akaniuliza, "Na vitu vingine je? Bado ana tamaa ya chochote?"

Mimi ni mtu wa kanisa. Neno tamaa nimelisikia mimbarini tangu utotoni, limepangwa mstari mmoja na uzinzi na ulafi. Nikajibu kwa fahari, "Hapana, daktari. Hana tamaa hata moja."

Aliacha kuandika, akanitazama. Akamgeukia kaka yangu, akamuuliza asubuhi amekula nini. Chai na mkate, akasema. Vilikuwa vitamu? Akajibu kwamba alipewa. Daktari akatupa tarehe ya kurudi ili aonwe na mtaalamu wa mambo hayo, na akanisisitizia tusikose.

Hatukurudi. Kina mama wa maombi walisema kumrudisha hospitali ni kumwambia Mungu kazi yake ina kasoro. Mimi niliyesoma nilikubali, tena upesi, kwa sababu niliogopa madaktari wakiigusa ile hamu wataamsha na pombe. Hilo ni langu, simsingizii mtu.

Mambo yalianza kuonekana polepole. Akiwekewa chakula alikula, asipowekewa alishinda njaa bila kusema neno. Aliketi pale alipoketishwa, na jua likimfikia hasogei. Mpira ukionyeshwa alitazama runinga sawasawa na alivyotazama ukuta. Hakugombana na mtu, na majirani walimsifu kwa upole wake. Kila waliposifu nilijibu amina.

Mke wake alivumilia hadi mahindi yakavunwa. Siku moja alinifuata shuleni wakati wa mapumziko, tukasimama nyuma ya darasa la nne, akaniambia anarudi kwao. Nikaanza kumhubiria kwamba ndoa ni kuvumiliana, akanikatiza.

"Mwalimu, yule mlevi alikuwa ananitaka. Huyu, nikienda ama nikikaa, ni sawa tu."

Aliniambia kwamba jana yake alikuwa amemuaga mumewe, akiwa na matumaini atamzuia hata kwa neno moja. Yeye alimuuliza kama angependa asaidiwe kubeba begi.

Nimefundisha nahau ya kukata tamaa miaka mingi, na kila mwaka nimewaambia watoto kwamba maana yake ni kupoteza matumaini. Sikuwahi kufikiri kwamba tamaa yaweza kukatwa kama kitovu, mtu akabaki mzima, anapumua, anasalimia wageni. Tena nilikuwa nimemwambia daktari jambo hilo kwa mdomo wangu huu, nikitabasamu.

Jumamosi moja mchana, Mama akiwa kwenye maombi, nilifanya jambo ambalo sijamwambia hadi leo. Nilivuka mji nikanunua chupa ndogo ya pombe kali mahali nisipojulikana, nikaificha chini ya madaftari ya kusahihisha. Nikammiminia nusu glasi, nikaiweka mezani mbele yake. Niseme wazi nilichotaka: nilitaka aitake. Nilitaka nimwone akimeza mate, macho yakimzunguka, hata anitukane.

Aliitazama glasi, akanitazama mimi. "Unataka ninywe?"

"Wewe unataka?"

Alifikiri kweli, niliona uso ukijitahidi. "Sijui. Ukisema ninywe, nitakunywa."

Akachukulia kimya changu kuwa ni agizo, akainua glasi, ikabidi nimshike mkono. Zamani tungeburutana mpaka meza ipinduke. Sasa vidole vyake vililegea mara moja, nikabaki nimeishika ile glasi, naye akakaa akingoja nimwambie la kufanya.