Mshahara wa Githeri

Baba alifika mtaani kwangu Kariobangi kutoka Machakos, Ukambani, na swali moja tu: huyo kijana anayetaka kukuoa anafanya kazi gani? Nilimwekea sahani ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, nikamwacha mchumba wangu ajibu mwenyewe. Kiwanda kilikuwa kimempunguza kazini, akajibu kama mtaa mzima unavyojibu siku hizi.

"Niko tu, mzee."

Mimi hasira zangu ziko karibu, nilitamani kumfinya. Baba ni mchonga vinyago, na mtu wa "niko tu" hamwelewi hata kidogo. Alitafuna polepole, nami nikaiona harusi yangu ikipanda basi la jioni kurudi Machakos.

Mara hodi. Alikuwa dada wa takwimu na tableti yake, anapita nyumba kwa nyumba kuhesabu wenye kazi na wasio na kazi. Kwanza akauliza nani anaishi hapa.

"Mimi peke yangu. Hawa ni wageni," nikasema haraka. Sisi ni watu wa kanisa, na Baba hakujua kwamba viatu vya mchumba wangu hulala chini ya kitanda changu.

"Wageni hatuwahesabu," akasema, akanigeukia mimi. "Katika siku saba zilizopita, umefanya kazi ya malipo, hata kwa muda wa saa moja tu? Hata kama malipo hayakuwa pesa?"

Kabla sijataja cherehani yangu, mchumba wangu akadakia. "Kumbe hata si lazima pesa? Jana nilimtengenezea jirani mlango, akanilipa githeri. Ndiyo hii mzee anakula."

"Basi una kazi," dada akasema. "Lakini wewe si mgeni? Ama unaishi hapa?"

Nilimkazia macho akane. Mpenzi wangu, ambaye uongo haumkai mdomoni, akatazama sakafu.

"Naishi hapa."

Baba akaweka kijiko chini, akatoka. Nilijua amekwenda zake. Kumbe alivuka korido tu hadi kwa jirani. Tukasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, ukifunguliwa na kufungwa, kisha vidole vyake vikigonga mbao. Aliporudi, alijipakulia githeri tena.

"Bawaba zimekaa sawa," akamwambia dada wa takwimu. "Mwandike. Anaishi hapa."